Pagola kwenye baraza la nyumba ya kupanga bila kutoboa sakafu: vyungu vya maua vinaweza kushika nguzo? (Mwanga, Kigoma)

#1 Barazani

Habari za jioni wadau. Shikamooni wakubwa zangu.

Nimepanga nyumba hapa Mwanga, upande wa mteremko unaotazama ziwa. Nyuma kuna baraza la wazi, mita 5 kwa 4, limewekwa vigae. Asubuhi pazuri mno. Shida inaanza saa nane mchana: jua likishavuka paa la nyumba linatupiga usoni moja kwa moja mpaka lizame nyuma ya milima ya Kongo. Mama yangu anaishi nami tangu miguu ianze kumsumbua. Amekulia Ujiji chini ya miembe, hawezi kushinda ndani akitazama ukuta. Anataka kiti chake kiwe nje, aone maji, aone boti zikitoka Kibirizi.

Nikaamua nimtengenezee pagola, yaani fremu ya nguzo nne yenye kivuli juu. Mwenye nyumba amekataa kabisa vigae kutobolewa, na ukuta wake hataki uguswe. Namuelewa, kwa sababu vigae ni vipya na karo la choo liko chini ya kona moja ya baraza. Basi nikanunua vyungu vinne vya plastiki vya lita 40, nikajaza udongo niliouchanganya na samadi, nikasimika mirunda ya inchi tatu, juu nikapigilia papi na kufunga neti ya kivuli, ile ya kijani wanayofunikia vitalu vya miche. Mita 3 kwa 3. Ilipendeza.

Ilikaa wiki tatu. Ijumaa iliyopita ukaja ule upepo unaotangulia mvua za kwanza. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia mlio kama turubai linakung'utwa. Natoka, neti imevimba kama tanga, chungu cha upande wa ziwa kimeinuka, mrunda umechomoka kwenye udongo, na pagola nzima imelala juu ya kiti cha mama. Mama alikuwa ameingia ndani kuswali magharibi, hazijapita dakika tano. Kiti kimevunjika mkono.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Swali langu: hii njia ya vyungu vya maua inawezekana kweli, au niachane nayo? Kama inawezekana, nilikosea wapi? Natanguliza shukrani.

#2 Katubuka Juu

Pole sana dada. Mshukuru Mungu mama hakuwepo. Mpe shikamoo yangu. Nafuatilia uzi huu maana na mimi nina baraza kama hilo.

#3 FundiChuma Ujiji

Pole. Mimi ni fundi wa kuchomelea, miaka mingi nipo kwenye mageti na vibanda. Ukweli wangu ni huu: pagola inataka kufungwa chini kwa rolbolti, zile bolti zinazotanuka ndani ya tundu la zege. Rudi kwa mwenye nyumba umuombe vizuri, mpe ahadi ya kubadilisha vigae vinne ukihama. Chuma na zege vikishikana hakuna upepo utakaoing'oa.

Ila niambie kwanza, zege la hapo chini ya vigae lina unene gani?

#4 Barazani

Asante kaka. Nimempigia fundi aliyejenga, anasema ni inchi tatu tu, juu ya kifusi na mawe, halina nondo. Na karo ni kona ya kushoto, kuelekea ziwa.

#5 FundiChuma Ujiji

Inchi tatu bila nondo? Basi narudisha maneno yangu. Rolbolti ikitanuka karibu na ukingo itapasua zege pamoja na kigae. Nimewahi kupasua la mteja mmoja hivyo hivyo, nikalilipa mwenyewe. Tuwasubiri wanaojua hesabu.

#6 PimaMaji

Dada Barazani, pole kwa mtihani huo. Inawezekana, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu hapa kuna mtu anakaa chini yake.

Tuanze na upepo. Nguvu yake kwenye kila mita ya mraba unaipata hivi: chukua mwendo wa upepo kwa mita kwa sekunde, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 0.613. Jibu linakuja kwa nyutoni. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, unakupa nyutoni 245, karibu sawa na uzito wa kilo 25 kwenye kila mita moja ya mraba. Neti yako ni mita 9 za mraba. Neti ina matundu, lakini ile nzito inazuia upepo mwingi, kwa hiyo kwa usalama ihesabu kama imeziba: kilo 225 zinavuta kwenda juu. Gawa kwa nguzo nne, kila moja inavutwa kwa kilo 56.

Sasa chungu chako. Lita 40 za udongo mkavu wenye samadi nyingi ni kama kilo 40, ukibahatika 50. Umeona? Upepo ulikuwa na haki ya kukishinda. Na upepo haugawi sawa, upande unaoupokea kwanza unavutwa zaidi, ndiyo maana kilianza cha upande wa ziwa. Tena mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu nguvu inaongezeka mara nne. Ukifika mita 25 kwa sekunde, hizo kilo 56 zinakuwa 88.

Lakini uzito ni nusu tu ya habari. Soma tena ulichoandika: mrunda ulichomoka kwenye udongo. Hata chungu kingekuwa na kilo 500, nguzo yako ingetoka na kukiacha. Udongo wa bustani tunaulegeza makusudi ili mizizi ipite, sasa utashikaje nguzo? Kila siku nguzo ikitikisika kidogo inajichimbia nafasi. Chungu kinashika pagola pale tu nguzo, zege na chungu vinapokuwa mwili mmoja. Udongo kazi yake ni maua na kuongeza uzito.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Vyungu vya saruji vya mraba, ndani sentimita 50 kwa 50, kimo 55. Chini mwaga zege la sentimita 25. Hiyo ni mita za ujazo 0.0625, na zege ni kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kilo 150. Juu yake udongo wa sentimita 25, ukiwa na unyevu ni kilo 90 hivi. Jumla 240, chungu chenyewe sijakihesabu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni. Nguzo ina kimo cha mita 2.4 na chungu kina nusu upana wa sentimita 25. Mtu akiisukuma nguzo pale juu, nguvu yake inakuzwa karibu mara kumi. Chungu cha kilo 250 kikisimama peke yake kinapinduliwa na msukumo wa kilo 26 tu juu ya nguzo. Kilo 26! Kijana mmoja akiegemea inakwenda. Dawa yake ni mikono, zile mbao au vyuma vya mshazari kati ya nguzo na boriti, kila nguzo iwe na miwili, pande zote mbili za kona. Ukishafunga mikono, nguzo nne zinakuwa meza moja. Upepo ukitaka kuipindua inabidi uinue vyungu vya upande mzima, na miguu ya meza hiyo imeachana mita 3, siyo sentimita 50. Hapo unahitaji mamia ya kilo.

Kwa hiyo ukinibana uniulize kipi muhimu kati ya kuongeza zege na kufunga mikono, nitakujibu mikono.

#7 Mzee wa Gungu

Mnamtisha huyu binti kwa hesabu. Sisi tunasimika maturubai ya shughuli kila Jumamosi, nguzo kwenye madebe ya zege ya lita 20, hayajaanguka.

#8 PimaMaji

Shikamoo mzee wangu. Debe hilo likijaa zege ni kilo 48. Turubai la shughuli linakaa siku moja, lina kamba zilizofungwa kwenye vigingi pembeni, na vijana wapo. Upepo ukichafuka mnalishusha. Pagola ya dada itasimama mwaka mzima, usiku na mchana, hakuna mtu wa kuishika. Tofauti iko hapo tu.

#9 Mzee wa Gungu

Marahaba. Kamba ni kweli, sikuzitaja. Bila kamba hata mimi sithubutu.

#10 Mbao Tabora

Mwakeye ndugu zetu wa Kigoma. Mimi nipo Tabora, kazi yangu mbao. Nimeona dada alitumia mirunda, naamini ni ya mkaratusi. Huo ukiuzika kwenye udongo unaomwagiliwa kila siku hauna maisha. Mti hauozi sehemu iliyo ndani kabisa wala iliyo juu kabisa, unaoza pale udongo unapokutana na hewa, sentimita chache juu na chini. Ukija kuuangalia baada ya misimu miwili umekatika hapo hapo kama aliyeukata kwa msumeno. Na mchwa nao wanapandia hapo.

Usizike mti ndani ya chungu, hata ukiwa mninga. Chini iwe chuma, mti uanzie juu ya udongo. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari ili kufukuza mchwa. Kwenye uzio wa shamba sawa, ila kwenye chungu cha maua oili inashuka kwenye udongo, utaua ulichopanda.

Kwa boriti za juu mninga ni mzuri, hauchezi sana ukikauka, na huku kwetu ndiko nyumbani kwake. Ni ghali na miti yenyewe inapungua, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye vibali vya misitu na akupe risiti. Ukikosa, mbao za paini zilizotiwa dawa zinafaa kwa papi za juu.

#11 FundiChuma Ujiji

Nakazia alichosema wa Tabora. Nguzo zako fanya skwea paipu ya inchi mbili, unene milimita 2. Chini chomelea sahani ya chuma ya sentimita 20 kwa 20, milimita 6. Ila usiizike nguzo kwenye zege! Wewe ni mpangaji, kesho utahama. Weka bolti nne za milimita 12 kwenye zege, chini zikunjwe kama ndoano, juu zitokeze. Nguzo inakaa juu ya bolti na kufungwa kwa nati. Siku ya kuhama unatoa udongo, unafungua nati, nguzo zinapakiwa. Chungu nacho unakisogeza juu ya vipande vya bomba kama magogo ya kuvutia mtumbwi.

Bolti zikae mahali pake halisi, usikadirie kwa macho. Toboa kipande cha mbao matundu manne sawasawa na ya sahani, pitisha bolti humo, weka juu ya zege bichi. Zege likikauka unatoa mbao. Na chuma chote kitakachoguswa na udongo paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha lami, mpaka sentimita 10 juu ya udongo. Juu ya paipu ziba, maji ya mvua yasijae ndani.

#12 Bustani ya Bangwe

Mmezungumza chuma na zege, nani anazungumza maua? Mnataka kumuachia huyu dada masanduku manne ya tope.

Dada, chungu kikiwa na zege chini maji hayana pa kutokea. Kabla ya kumwaga, simamisha bomba la plastiki la inchi moja juu ya tundu la chini la chungu, lipite zege lote. Mdomo wa juu uzibe kwa karatasi wakati wa kumwaga, ukisahau zege litaingia na tundu litakuwa limekufa. Zege likikauka toa karatasi, funika mdomo kwa kipande cha neti ya plastiki, weka kokoto za vidole viwili, ndiyo uweke udongo. Chungu chenyewe usikilaze juu ya kigae, kiinue kwa vipande vinne vya tairi kuukuu ili maji yapite chini na kigae kisiote ukungu.

Zege jipya linatoa chokaa. Lijaze maji, yaache siku mbili, mwaga, rudia mara mbili tatu kabla ya kutia udongo.

Cha kupanda: udongo wa sentimita 25 ni mfupi. Usipande pasheni. Najua watu wanaipenda, lakini mizizi yake inataka nafasi kubwa, na ikikubali inaezeka juu zulia zito linalokamata upepo kuliko hata hiyo neti. Bogenvilia ina miiba, na hapo anakaa mzee. Panda asumini, itapanda nguzo polepole na harufu yake inatoka jioni, saa ile ile mama anapokaa. Pembeni mrihani na mchaichai. Kiangazi, kuanzia Juni, chungu kinakauka haraka kwa ule upepo wa kusini, mwagilia kila siku.

#13 Barazani

Jamani, nimesoma mpaka nimemsomea na mama. Ameuliza huyu wa asumini ni mtoto wa nani, anasema amelelewa vizuri.

Swali kwa PimaMaji: ile kona ya karo. Chungu kimoja kinaangukia pale pale juu ya mfuniko.

#14 PimaMaji

Hapana, hapana. Usiweke. Mfuniko wa karo ni slabu iliyoning'inia juu ya shimo, na hatujui iliwekewa nondo kiasi gani. Chungu cha kilo 250 na zaidi kwenye eneo la nusu mita kwa nusu mita ni kama tani moja kwa kila mita ya mraba. Zege lililolala juu ya ardhi linabeba, hata hilo lako la inchi tatu, kwa sababu ardhi ndiyo inayobeba. Mfuniko haulali juu ya kitu.

Punguza pagola. Badala ya 3 kwa 3 fanya 3 kwa 2.5, nguzo zote ziwe angalau mita moja nje ya ukuta wa karo. Utabaki na nafasi ya kulifungua karo siku gari la kunyonya likija.

#15 Ghorofani

Samahani kuingilia. Mimi nipo Dar, ghorofa ya tatu, nina roshani kubwa. Naweza kufanya hivi hivi?

#16 PimaMaji

Usifanye, ndugu yangu. Sababu ni hiyo hiyo niliyompa Barazani. Sakafu za makazi kwa kawaida zinasanifiwa kubeba mzigo wa watu na samani wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Chungu hiki kinazidi hapo mara tano. Tafuta mhandisi aangalie michoro ya jengo kwanza.

#17 Katubuka Juu

Na mapipa ya maji? Lita 200 si kilo 200? Rahisi kuliko zege.

#18 PimaMaji

Ni kilo 200, hesabu yako sahihi. Ila pipa likivuja au mtu akichota, uzito umeondoka na hujui. Mbu nao watazaliana humo. Na bado nguzo haijashikwa na kitu ndani ya maji, utahitaji kuifunga na pipa. Kwa siku mbili za shughuli sawa.

#19 Barazani (wiki tano baadaye)

Wadau, nimerudi na ripoti. Samahani kwa kimya, nilitaka kwanza nione na macho yangu.

Vyungu nilivipata kwa mtu anayefyatua vya saruji kando ya barabara, nikamuomba anitengenezee vinne vya vipimo vya PimaMaji. Tulivipanga kwanza vikiwa vitupu, tukapima kona kwa kona: mshazari mmoja ulitofautiana na wa pili kwa sentimita 4, tukasogeza mpaka ikalingana. Afadhali tulifanya hivyo mapema, maana baada ya zege havisogei.

Zege tulichanganya ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Kwa vyungu vyote vinne ilikwenda mifuko miwili, ikabaki simenti kidogo ambayo fundi alizibia ufa wa jikoni. Kilichonifundisha ni maji. Kijana aliyekuwa akichanganya alitaka kumwaga ndoo nzima ili koleo liende laini. Fundi akamkataza, akasema lita 25 kwa mfuko, zege likitoka kama uji litakauka lina vinyweleo. Likatoka zito, la kushindiliwa kwa kipande cha nondo mpaka vipovu viishe. Nilikuwa nimeshika kile kibao chenye bolti nne, fundi ameweka pima maji juu yake, ananiambia kulia, kidogo, rudi, hapo hapo. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Tulifunika kwa magunia, nikayalowanisha asubuhi na jioni kwa siku saba, mama akinikumbusha kila alasiri kama vile ni dawa yangu.

Kosa moja lilitokea. Bustani ya Bangwe alionya kuhusu karatasi kwenye mdomo wa bomba, na tulisahau chungu cha mwisho. Zege likaingia. Nimeona siku nilipotia maji ya kuosha chokaa: vyungu vitatu vilikauka, kimoja kikabaki kama beseni. Kuna mtu anajua nifanyeje?

Sasa jaribio. Jirani yangu ananunua dagaa, ana mizani ya kuning'iniza ya kilo 50. Nikaiazima. Kabla hatujapandisha boriti, na kabla ya udongo, tulifunga kamba kwenye nguzo moja kwenye kimo cha mita 2.2, mizani katikati, vijana wawili wakavuta taratibu kwa usawa. Ilipofika kilo 31 chungu kikaanza kuinua kisigino. Nilipiga kelele waache. Chungu cha zege, mtu huwezi kukibeba, kinainuka kwa vijana wawili wasiotumia hata nguvu zao zote! Hapo ndipo nilipoelewa kile PimaMaji alichokiandika.

Tukapandisha boriti za mninga, fundi akachomelea mikono minane ya chuma kwa digrii 45, papi zikapigiliwa juu. Udongo ukaingia. Tukavuta tena pale pale, kimo kile kile. Kilo 30, kimya. 40, kimya. Mizani ikagota 50, nikainama kuangalia chini ya tairi: hakuna chungu kilichoinuka wala kuteleza.

#20 PimaMaji

Umenifurahisha sana. Hizo kilo 31 zinaendana na hesabu: zege 150, chungu chenyewe kama 95, jumla 245; zidisha kwa nusu upana wa nje, sentimita 29, gawanya kwa kimo cha kamba, sentimita 220, unapata kama 32. Umepata kwa mizani ya dagaa kitu ambacho wengine tunakiamini kwenye karatasi tu.

#21 FundiChuma Ujiji

Kuhusu chungu kilichoziba, usipige tindo kutoka juu, utapasua zege karibu na bolti. Toa udongo kiasi, pima zege limeishia wapi, kisha toboa ubavuni mwa chungu sentimita moja juu ya usawa huo kwa drili ya kawaida, isiyo ya kugonga, taratibu, ukimwagia maji. Matundu mawili ya milimita 10, upande usiotazamwa. Maji yatatokea hapo.

#22 Bustani ya Bangwe

Na hicho kitakachotokea ubavuni panda mchaichai, unavumilia maji. Asumini weka kwenye vile vitatu.

Neti umeifungaje safari hii?

#23 Barazani

Nimefanya hivyo, matundu yanatoa maji vizuri. Asante fundi.

Neti nilitaka kuifunga kwa waya, fundi akakataa. Tumeifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa kidole. Anasema upepo ukizidi mno mpira unakatika, neti inaruka, na nguzo zinabaki, kwa sababu papi tupu hazina cha kukamatwa na upepo. Upande mmoja tumeacha kamba ndefu ili mtu mmoja aweze kuifungua na kuikunja haraka. Nikiona wingu jeusi limeshuka ng'ambo ya ziwa naikunja, haichukui dakika mbili.

Jumanne usiku ulikuja upepo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Umeme ulikatika, bati la jirani lilipiga usiku kucha. Neti ilikuwa imeshakunjwa. Nilitoka na tochi saa kumi alfajiri, nikaanza na chungu cha upande wa ziwa, nikapeleka kidole chini kwenye kipande cha tairi. Kilikuwa pale pale kwenye alama ya chokaa niliyoichora. Vitatu vingine hivyo hivyo. Asumini moja ilikuwa imelala, nikaifunga kwenye nguzo kwa uzi.

#24 Katubuka Juu

Na mama amerudi kukaa nje?

#25 Barazani

Siku nne za kwanza aligoma, akawa anakaa mlangoni anaitazama tu. Baada ya upepo wa Jumanne, asubuhi yake alimwambia mjukuu ampelekee kiti. Nimekiunga ule mkono uliovunjika. Amekaa mpaka magharibi.